Jembe Lisilokuwapo Ukutani

Sikilizeni vizuri, maana hukumu nitawaachia nyinyi.

Mzee Jillo wa kando ya Mto Tana alikuwa na watoto watatu. Buya alijua kupima mambo kwa hoja na kuondoa lisilowezekana. Hawayu, binti pekee, alikuwa mwepesi wa kuona dalili na kuifuata. Komora, kitinda mimba, alijaliwa sauti.

Siku moja mama yao, ambaye uzee ulikuwa umemchukulia kumbukumbu, alitoweka. Wingu la mvua lilikuwa limetanda. Mzee Jillo, hakai hasimami, akatangaza kwamba atakayemrudisha atapewa ng'ombe wake mtamba. Majirani wakaanza kukimbilia mtoni, wakihofia mamba.

Buya akawazuia. "Mama akienda mtoni, mbwa wake humfuata kila mara. Mbwa huyu hapa amelala. Basi mtoni hakwenda."

Hawayu alikuwa akizunguka uani. Akatupa jicho ukutani. "Mama akienda shamba hubeba jembe," alisema. "Jembe halipo, basi yuko shamba." Hakungoja jibu. Akatimua mbio, ndugu zake nyuma.

Shambani mahindi yalikuwa yamewapita kimo. Waliita mpaka koo zikakauka. Manyunyu yakaanza. Ndipo Komora akawaambia kwamba mama akisikia wimbo aliowabembelezea, huupokea hata kama majina yao ameyasahau. Akaimba. Sauti nyembamba ikapokea kutoka katikati ya mahindi.

Walimkuta ameketi matopeni, kifundo cha mguu kimevimba, mikono mitupu. Hawayu alilitafuta jembe kwa macho, asilione.

Walipomfikisha nyumbani, jirani mmoja akaja kulirudisha. Alikuwa ameliazima tangu asubuhi.

"Kumbe ulibahatisha," Buya alimwambia dada yake. "Jembe linaweza kutoka kwa sababu nyingi. Hoja yangu mimi haikuwa na tundu."

"Haikuwa nalo, kaka. Lakini ulijua asikokuwa. Hukujua aliko."

Komora akasema bila wimbo wake wangempita mama hatua chache tu.

Hawayu alikuwa akimkanda mama mguu kwa maji moto. Aliwaza: je, jembe lilelile lisingeweza kuwapeleka kwenye shamba tupu, na mama yuko kwingine, ananyeshewa?

Mzee Jillo alisimama na kamba ya mtamba mkononi, akiwatazama wanawe mmoja mmoja, asijue pa kuielekeza.

Aliyefikiri sawasawa, aliyekosea njia akafika, au aliyeimba? Enyi mnaonisikiliza, kamba ile mngemkabidhi nani?