Kiberenge Amfundisha Chewa Kuwatambua Minyoo

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmeyafungua?
— Wazi, kama chaza maji yakijaa!

Basi hapo kale, katika dimbwi la mwambani, aliishi mnyoo wa baharini aitwaye Kiberenge. Mwembamba, pingili pingili, kila pingili na vijiguu viwili vyenye vinyoya. Akitembea, chaku chaku chaku. Jirani yake alikuwa Chewa, samaki mwenye mdomo kama pango. Maji yakijaa, Chewa aliingia dimbwini. Hap! Akameza mjomba. Hap! Akameza shangazi. Kiberenge akabaki na nduguze wachache, roho juu.

Siku moja Chewa akaziba mlango wa shimo la Kiberenge. Lakini hakummeza. Akauliza, "Wewe kidudu, nasikia kati yenu yuko mmoja anaitwa Washawasha, ukimuuma unajuta. Si wewe huyo?"

Kiberenge alikuwa anatetemeka mpaka kinyoya cha mwisho. Kusikia swali lile, moyo ukatulia. Kumbe bwana huyu hawezi kututofautisha! Anameza tu!

"Shikamoo, mzee Chewa," akasema. "Nikufundishe kututambua?"

"Marahaba. Fanya haraka, nina njaa."

"Mwenye shungi la manyoya kichwani, akaaye ndani ya mrija, unamla?"

"Namla!"

"Usimle, anawasha! Mwenye taya mbili na macho manne, kama mimi, unamla?"

"Namla!"

"Usimle, anawasha! Mnene, mzembe, mwenye kishada cheupe cha vinyoya kila pingili, kulia na kushoto, unamla?"

"Simli?"

"Mle, mzee! Huyo mafuta matupu."

Chewa akakunja uso. "Mbona wa jana hawakuniwasha?"

"Uliwaangalia vichwa?"

"Niliwameza tu."

"Basi ulikuwa na bahati."

Chewa akaenda. Juu ya tumbawe akamkuta mnene mmoja amejilaza. Akahesabu: kishada kulia, kishada kushoto. Hap!

Lo! Kumbe ndiye Washawasha mwenyewe! Vinyoya vikakatikia midomoni, vikachoma kama moto. Chewa akamtema, puu! Washawasha akaanguka mzima, akinung'unika kwa kuamshwa. Midomo ya Chewa ikavimba, bu! bu! bu! Akatimka kwenda kilindini, na tangu siku hiyo akiona hata kipande cha uzi hukimbia.

Dimbwini ikawa shangwe. Wa mirijani wakachanua mashungi yao, pwa! pwa! Wenye taya wakambeba Kiberenge mgongoni, wakamzungusha dimbwi zima wakimwita Mwalimu.

Yangu yameishia hapo. Anayetaka zaidi akamuulize Chewa, kama midomo imepona.

Na funzo, watoto: mwaminini mwalimu wenu kwa kila neno, hasa mkiwa mnataka kumla.