Sinia la Radhi

"Piiiii!" Usiku wa Jumanne, Mashavu alipiga honi moja tu, akimfikisha bibi harusi kwa mumewe kwa bajaji yake. Asubuhi sajini wa kituo akamwandikia onyo: ameendesha kwa fujo, amemwamsha raia kitandani. Likija onyo la pili, bajaji ingekamatwa.

Mashavu akapinga. Siku tano mfululizo alikwenda kituoni kuuliza ni nani aliyelalamika.

"Jina ni siri, mama," sajini alijibu kila siku.

Siku ya sita alikuja na sinia la pilau, limefunikwa kawa. Harufu ikamtoa mkuu wa kituo ofisini kwake.

"Nimeshindwa, mwanangu," Mashavu alimwambia sajini. "Hili ni la kumwomba radhi niliyemkatiza usingizi. Au honi uliisikia wewe?"

"Mimi? Jumanne nilikuwa zamu hapa kaunta mpaka alfajiri! Liache tu, nitamfikishia."

"Thubutu! La radhi hukabidhiwa mkononi mwa mwenyewe. Hatajwi? Basi watakula mahabusu."

Akafunua kawa. Kuku mzima alikuwa amejilaza juu ya pilau, zabibu zimemzunguka. Mashavu akalibeba sinia kuelekea selo, polepole, hatua kwa hatua.

"Mama, rudi!" Sajini aliruka kaunta. "Niliyeamshwa kitandani ni mimi!"

Mkuu wa kituo alilichana onyo la Mashavu, kisha akavuta karatasi mpya na kalamu.

"Aliyeacha zamu akaenda kulala," aliuliza, "anaitwa nani?"

Sajini akajitaja mwenyewe.

"Mbaruku Mwinchande, afande."