Ini Moja, Wageni Watatu

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi alale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii kuna swali, na sitaki kusikia mtu akisema hakusikia.

Walikuwako watu watatu huko Mwatate, kila mmoja na kipaji chake. Wakesho, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, alijua kutunza. Kitu kikiingia mkononi mwake hakipotei. Kisombe, mtu wa maabara, alijua kutafuta, wala hakuchoka hata walipomcheka. Mghoi, mjane anayeuza maharagwe sokoni, alijua kusema neno moja na kulisimamia. Na alikuwako wa nne, fundi baiskeli Mwadime, ambaye kipaji chake siku hiyo kilikuwa kuchanganyikiwa. Hebu mtazameni: amesimama uani kwake, sahani mkononi, na juu ya sahani kuna ini la mbuzi, zima, linafuka moshi.

Kwa ukoo wa Mwadime, aliyeirudisha roho ya mtu nyumbani huchinjiwa mbuzi na kupewa ini. Nalo halikatwi. Wanasema ini lililokatwa ni shukrani nusunusu, na shukrani nusunusu ni tusi.

Ilikuwaje? Mwadime alipatwa na kifua kikuu, akapewa vidonge vya miezi sita. Vidonge hivyo huponya wengi, lakini wapo wachache ambao huwageuka na kuwaunguza ini. Ubaya ni kwamba ini halipigi kelele. Mtu huja kujua macho yakishakuwa manjano, na pengine hapo maji yamekwisha kuzidi unga.

Wakesho, tangu miaka minne nyuma, alikuwa akiwatoa wagonjwa wake damu kidogo kila wiki, kwa ruhusa yao, anaandika jina na tarehe, anaiweka kwenye jokofu. Umeme ulipokatika siku mbili, alizipanga chupa zote katika sanduku la barafu, akalipakata ndani ya gari la wagonjwa mpaka Voi, huku dereva akimuuliza amebeba samaki wa nani. Ripoti ya utafiti ilipochapishwa, jina lake halikuwamo.

Kisombe ndiye aliyezichukua chupa zile, akalinganisha damu ya walioumia ini na ya wenzao wasioumia, akitafuta alama itakayojitokeza mapema. Ya kwanza aliyoipata ilimwaibisha: ilipanda hata kwa mtu aliyeshinda akibeba magunia. Kumbe ilitoka kwenye misuli! Akaitupa, akaanza upya. Mwaka wa tatu akaipata protini moja iliyopanda siku kadhaa kabla vipimo vya kawaida havijashtuka. Lakini nani humshukuru mtu wa maabara? Wagonjwa hata sura yake hawaijui.

Mghoi hakushika chupa wala kipimo. Mumewe, Righa, aliuawa na vidonge hivyohivyo, na damu yake ya wiki zile ndiyo iliyomwonyesha Kisombe ile alama waziwazi kuliko damu ya mtu yeyote. Ndugu wa marehemu walitaka chupa zizikwe pamoja naye. Mghoi akasema zibaki. Tangu siku hiyo shemeji zake hawamsalimu. Leo wamekuja karamuni, wamekaa upande wa pili wa ua, wanamtazama.

Basi Mwadime alipokwenda kliniki, macho yake yalikuwa meupe na vipimo vya kawaida vilikuwa shwari. Ni chakula tu kilikuwa hakimpendezi. Wakesho akamtoa damu, Kisombe akaona alama imepanda, daktari akasimamisha vidonge siku hiyohiyo. Hata hivyo Mwadime alianguka. Akawa manjano, akili ikamtoka, akamwita mkewe mama na kutafuta spana ndani ya shuka. Wiki mbili zikapita ndipo akarejea, akaanzishiwa dawa nyingine. Daktari alimwambia kwamba angemeza vile vidonge siku tano zaidi, wangemzika. Daktari huyo alimkataa mbuzi, akisema yeye alisoma tu alichoandikiwa.

Sasa ini apewe nani? Mjomba wake alimnong'oneza ampe Wakesho, maana bila akiba yake Kisombe angetafuta ndani ya nini. Mwadime akaitikia, ni kweli. Saghe, mkewe, akasema damu ingekaa kwenye barafu mpaka kiama kama asingepatikana wa kuisoma. Akaitikia, na hiyo ni kweli. Mama yake akasema wale wawili walifanya kazi yao, ila Mghoi hakulazimika, na amepoteza jamaa kwa ajili ya watu asiowajua. Mwadime akaitikia tena, kisha akaingiwa na hofu, kwa sababu hakujua kama kuwakubalia wote watatu ni ugonjwa unaomrudia au ni jambo lenyewe ndilo lililo hivyo.

Akapiga hatua moja kumwelekea mjane. Shemeji zake wakainua vichwa. Mghoi akasema kwa sauti ya chini:

"Mwadime, kama ni huruma, usinipe. Righa hakutoa damu ili afe. Alikufa tu. Mimi ndiye niliyesema zibaki. Ukinipa, nipe kwa hilo."

Mwadime akasita. Alijiuliza kama ni huruma au si huruma. Akageuka, akamwona Wakesho ameinamia mikono yake, na Kisombe amejibanza nyuma ya wageni kama alivyozoea. Moyo ukamuuma kwa ajili ya wote watatu.

"Baba Mwakio," mkewe akamwambia, "ini likipoa ni aibu ya nyumba nzima."

Na kweli linapoa. Watu wote wanamngoja Mwadime, naye hana wa kumngoja ila ninyi. Haya, ishike sahani. Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili watakaorudi kwao bila ini, ungewatazama usoni uwaambie nini?