Ganda Tupu Lina Mwenyewe

"Ganda tupu lina mwenyewe," Bi Saumu aliwaambia vijana waliokirukia kigoda chake alipoinuka mara moja kuchungulia chungu. Wakampisha huku wanacheka, kisha wakataka kujua ni ganda gani hilo, na mwenyewe nani. Bi Saumu akakaa. Methali hii ilianza hivi, akasema, na asinikatize mtu.

Palikuwa na msichana akiitwa Riziki, mdadisi kupita kiasi. Hata sufuria ya jirani aliifunua ajue kimepikwa nini. Bibi yake, Bi Mize, alizaliwa kwenye pwani ya majabali ambayo siku hizi ni hifadhi ya bahari. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Riziki alipoaga kwenda kuitembelea pwani hiyo, bibi aliomba kitu kimoja tu: aletewe ganda la konokono wa bahari, alitie sikioni asikie mvumo wa bahari ya kwao. Riziki akaahidi.

Maji yalipokupwa, askari wa hifadhi, Bwana Makame, alimwongoza juu ya mawe makali. Alimwonya tangu mwanzo kwamba huko watu huangalia tu, hakichukuliwi kitu. Riziki aliinamia kila dimbwi akiuliza jina la kila kinachotambaa, na Bwana Makame akajibu mpaka koo likamkauka. Kisha Riziki akaliona: ganda kubwa, safi, lenye madoa ya kahawia. Akalitikisa, akachungulia ndani. Halina kitu. Ahadi ni deni, akajiambia, na konokono mwenyewe amekwisha kufa. Akalifunga kwenye pindo la khanga.

Bwana Makame alimwona, lakini hakumgombeza.

"Umepiga hodi, mwanangu?"

"Hodi kwa nani, baba? Nyumba haina mtu."

"Basi tungoje. Pengine yuko njiani."

Wakachutama. Punde akaja kaa mmoja, wa wale wanaohamia maganda ya konokono waliokufa, anajikokota, kajibana ndani ya ganda lililokuwa dogo kwake, nusu ya mwili iko nje. Akafika pale pale Riziki alipoliokota ganda, akapapasa mchanga, akazunguka, akapapasa tena. Riziki aliona haya. Akafungua fundo, akalirudisha ganda. Kaa akalipima kwa magando yake, akachomoka uchi, akaingia kinyumenyume. Kabla hajatulia, kaa mwingine mdogo zaidi akaja kulihamia lile aliloliacha.

Nyumbani, Bi Mize alinyoosha kiganja. Riziki, moyo unamuuma, aliweka juu yake mkono mtupu, akasimulia yote. Bibi akauliza:

"Na aliloliacha yule mdogo, nani kaliingia?"

"Sikungoja kuona, bibi."

"Wewe mdadisi gani usiyengoja?" Bi Mize alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Zawadi yangu ina mtu ndani, mjukuu wangu. Nimeisikia pwani yetu. Ganda tupu lina mwenyewe, ila hajafika tu."

Bi Saumu akainuka tena kutazama chungu chake. Kigoda kikabaki katikati yao, na safari hii hakuna aliyekigusa. Ganda tupu lina mwenyewe.