Kigogota na Koo la Chura

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya watu walioshiba au wanaongojea chakula? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na gogo.

— Likagongwa!

Palikuwa na koo.

— Likajaa!

Haya, sasa mmeamka. Na wewe huko nyuma acha kutafuna, nianze.

Hapo zamani za kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakialikana harusini, aliondokea ndege mmoja jina lake Kigogota. Alikuwa na kilemba chekundu, mdomo mgumu kama patasi, na maneno mengi. Alikuwa pia na gogo la mvule, limekauka, tupu ndani. Babu yake aliligonga, baba yake aliligonga, na yeye akaligonga. Ko-ko-ko, ti-ko! Ko-ko-ko, ti-ko! Jamani, mdundo ule ulikuwa mtamu! Hata mchwa waliokuwa wanalila lile gogo walitoka nje wakikata viuno.

Kila aliyetaka kuimba alikwenda kwake. Njiwa alikwenda, akapewa ko-ko-ko, ti-ko. Kwale alikwenda, akapewa ko-ko-ko, ti-ko. Nyani alikwenda, akapewa nini?

— Ko-ko-ko, ti-ko!

Ehee, mmeshamjua. Naye alikuwa akitamba: "Waimbaji wote wa msitu huu mimi ndiye niliyewatoa wakajulikana!"

Kumbe watu wamechoka. Nyimbo za Njiwa na Nyani zilikuwa huwezi kuzitofautisha. Bibi harusi anaingia, wageni wanapiga miayo. Bwana harusi anaingia, wageni wanaulizana pilau itatoka saa ngapi.

Basi nyuki wakaenda kwa Mfalme Tembo. "Mfalme, sisi hatuna nyumba. Lile gogo la mvule linalia bure tu. Tupe tuweke asali."

Tembo akamwita Kigogota. "Binti yangu anaolewa mwezi ukiandama," alisema. "Niletee mwimbaji mmoja tu wa kuwainua watu. Wakiinuka, gogo ni lako na la wajukuu zako. Wakikaa, nyuki wanahamia."

Kigogota alicheka mbele za watu. Alipofika kwake akalikumbatia gogo kwa mbawa zote mbili. Aliogopa, tena aliogopa sana. Bila gogo lile yeye alikuwa ndege mwenye kelele tu.

Akaenda kutafuta mwimbaji. Njiwa akasema ana mayai. Kwale akasema ana mafua. Nyani alimgeuzia mgongo, na mgongo wa nyani mnaujua ulivyo.

Aliyebaki ni Chura, mama wa watoto wengi, makazi yake bwawani. "Kaka Kigogota, mimi nitaimba," alisema.

Kigogota akamtazama yale macho yaliyomtoka, akaguna. "Haya, jaribu."

Siku ya kwanza akagonga: ko-ko-ko, ti-ko! Chura akafungua kinywa, "Kr—" Mdundo ukampita. "Husikiki," alisema Kigogota. "Ngoja niongeze mdundo."

Siku ya pili akagonga: ko-ko-ko-ko, ti-ti-ko! Chura akafungua kinywa, "K—" Mdundo ukamkanyaga. "Bado husikiki. Ngoja niongeze."

Siku ya tatu akagonga: ko-ko-ti-ko-ti-ti-ko-ko! Chura hata hiyo "k" haikutoka. Machozi yakamlenga. "Kaka, labda mimi si mwimbaji."

"Labda," alijibu Kigogota, na huku anagonga.

Mara ardhi ikapasuka, pu! Akachomoza Bi Fuko, jirani wa chini, kichwa chote udongo.

"Wewe mtoto wewe! Leo siku ya tatu dari yangu inamwagikia kwenye uji! Unafanya nini huko juu?"

"Samahani, Bibi. Namtoa mwimbaji."

"Mwimbaji? Mimi huko chini nasikia kugongwa tu. Huyo mwimbaji yuko wapi?"

"Huyu hapa, Bibi. Chura."

"Akiwa kwake anaimba nini?"

Kigogota akakuna kilemba.

"Anavuta pumzi saa ngapi?"

Kigogota akamgeukia Chura, akamtazama kana kwamba ndio kwanza anamwona. "Sijui, Bibi."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Basi ufunge huo mdomo siku tatu. Mimi nile uji wangu, wewe nenda ukamsikilize." Akarudi shimoni akisonya.

Lo! Siku tatu bila kugonga! Kigogota alikasirika, manyoya yakamsimama. Lakini akalikumbuka gogo, akaenda bwawani.

Siku ya kwanza mdomo ulimwasha kweli kweli. Akamkuta Chura anaimba kwa kujibana, sauti nyembamba mno. "Huo wimbo wa nani?" aliuliza.

"Wa Chiriku. Watu wanaupenda."

"Uache. Haujakukaa."

Maneno hayo hakuwahi kumwambia mwimbaji yeyote. Zamani mtu akija na wimbo wowote yeye anagonga tu, basi. Chura alinuna kidogo, lakini akauacha.

Siku ya pili Kigogota aliliona koo. Kabla Chura hajaimba, koo lilijaa polepole, polepole, likaumuka kama andazi kwenye mafuta. Ndipo sauti ikatoka. "Ala!" alisema Kigogota. "Kumbe nilikuwa nakugongea koo halijajaa! Nisamehe, dada yangu." Aliona haya mpaka akainamisha kilemba chake.

Siku ya tatu, alasiri, Chura aliwaita watoto wake kutoka upande wa pili wa bwawa:

Rudini, rudini, maji yanapoa,
Mwenye mkia arudi, mwenye miguu arudi,
Hata ukienda mbali, mlango sijafunga.

Kigogota akasisimka mwili mzima. "Wimbo ndio huo!"

"Huu? Huu wa kuitia watoto tu, Kaka."

"Huo huo! Binti Tembo anaondoka kwa mama yake. Utamwimbia nini zaidi ya hapo?"

Wakarudi kwenye gogo, wakafanya mazoezi. Kigogota akaanza kupunguza. Akatoa ti. Akatoa ko moja. Akatoa ko nyingine. Iliuma kama kujinyonyoa, maana kila pigo alilipenda. Mwisho ikabaki ko moja tu, kisha kimya cha kulingoja koo.

Siku ya harusi ikafika. Nyuki walikuja na mizigo yao imefungwa tayari, wakisubiri kuhamia. Chura aliporuka juu ya gogo, watu wakacheka. "Huyo ndiye mwimbaji?"

Kigogota akagonga. Ko!

Kisha kimya. Koo likaanza kujaa. Watu wakaacha kucheka. Koo likajaa. Nyani akasimama apate kuona. Koo likajaa. Mdomo wa Kigogota ulimwasha, hamjapata kuona, lakini aliuzuia. Ndipo sauti ikatoka, nene, ikatetemesha matumbo ya watu:

"Ruuudini, rudini, maji yanapoa..."

Alipofika kwenye "mlango sijafunga", Mama Tembo akaangua kilio, akacheka huku analia, akainuka akamshika binti yake wakacheza. Mfalme akainuka. Njiwa akainuka, mayai akayasahau. Nyuki wakatupa mizigo chini, wakazunguka duara. Hakubaki mtu aliyekaa, hata Bi Fuko alichomoza kichwa akakitikisa.

"Gogo ni lako," alisema Mfalme, anahema.

Watu wakambeba Chura juu juu. Kigogota alingoja mmoja aseme, "Ile ko ilikuwa nzuri." Hakusema hata mmoja. Ikamchoma kidogo, tusidanganyane. Akaondoka peke yake, na njiani akajisikia anaimba: "Mwenye mkia arudi..." Akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande.

Kesho yake asubuhi akaja Njiwa. "Kaka, nimekuja unigongee."

Kigogota hakugonga. Alishuka chini, akakaa, akasema, "Kwanza niimbie ule unaoimba ukiwa peke yako."

Haya, mmesikia nyie mnaotengeneza midundo? Kugonga ni kugonga tu, hata mchwa watacheza. Kumtoa mwimbaji ni kumsikiliza, kumwambia ukweli, kujua koo lake linajaa lini, kisha kumpisha.

Gogo langu limenyamaza hapo. Aliyesikia aende nayo kwake, aliyesinzia akamuulize Bi Fuko, ila asimkute anakula uji.