Mfukia Kaa Haombi Moto

“Mfukia kaa haombi moto.” Ndivyo tusemavyo huku kwetu Rungwe. Jana mlimwendea mama mchungaji awaombee mshinde kwenye mashindano ya kwaya, naye akawajibu kwa maneno hayo, nanyi mkabaki mnatazamana. Kaa gani? Moto upi? Siwalaumu, maana mmezaliwa mkakuta kiberiti kila nyumba. Haya, vuteni vigoda, mnisaidie kupukuchua maharage haya huku mkisikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kiberiti kilipokuwa kitu cha duka la mbali, moto ulilazwa kama mtoto anavyolazwa. Jioni, chakula kikishaliwa, mama wa nyumba alichagua kaa moja nene la mti mgumu, akaliweka katikati ya mafiga na kulifunika kwa majivu. Asubuhi alilifukua, akapuliza, moto ukaamka. Aliyesahau kufukia alichukua kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, akaenda kwa jirani kuomba moto. Haikuwa aibu, kwa sababu nani hasahau?

Lakini kwa Subilaga haikuwa kusahau. Huyu alikuwa mke kijana wa Asegelile, mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na mpenda usingizi kuliko kazi ya jioni. Kwa nini ajisumbue na majivu, na Bibi Tupokigwe yuko pale ng’ambo ya migomba, moto wake haujawahi kuzimika tangu alipoolewa? Kila kulipokucha, Subilaga alikuwa mlangoni kwa Bibi na kigae chake.

Wala hakuomba moto tu. Bibi Tupokigwe alikuwa mjane, Mkristo wa siku nyingi, na alipoomba, hata watoto watundu walinyamaza. Subilaga alijiona hana maneno. Akipiga magoti nyumbani kwake, alisema “Baba yetu” mpaka mwisho, kisha akakaa kimya kama mgeni aliyemaliza salamu. Basi aliona afadhali amwachie mwenye kujua. Alipokuwa akipokea makaa kwa Bibi, alimwaga na haja zake zote.

“Bibi, uniombee, ng’ombe wetu anakaribia kuzaa.”

“Bibi, uniombee, mama mkwe anakuja Jumapili.”

“Bibi, uniombee nijifungue salama.”

Na Bibi alimwombea kweli. Ng’ombe akazaa, mama mkwe akaja akaondoka bila neno, na Subilaga akajifungua mtoto wa kiume, Ambilikile, mdogo kama kiganja kwa kuwa alizaliwa kabla ya wakati wake. Asegelile alikuwa akimtania mkewe kwamba Mungu wake anakaa kwa Bibi, naye huenda kumwamkia huko. Subilaga alicheka sana. Hakuona ubaya wowote.

Asubuhi moja Bibi alimshika mkono kabla hajaweka makaa kwenye kigae.

“Mwanangu, kaa nililokupa jana liko wapi?”

“Limezimika, Bibi.”

“Na la juzi?”

“Nalo pia.”

“Fukia, mwanangu. Mimi sitakuwapo sikuzote. Kila nyumba ina majivu yake.”

Maneno hayo yalimchoma Subilaga. Alirudi nyumbani na makaa yake, amenuna, akamwambia mumewe, “Bibi siku hizi amekuwa mchoyo. Makaa mawili tu ananisimanga!” Asegelile akamwambia huenda Bibi hakuwa anazungumzia makaa peke yake. Lakini mtu akishanuna, masikio nayo hununa. Subilaga akaapa hatakwenda tena kwa Bibi mpaka aitwe.

Kiapo chake hakikukawia kujaribiwa. Siku ile ile Asegelile alipanda msituni kukata mianzi ya kumalizia nyumba, na huko watu hulala. Kesho yake Bibi Tupokigwe alifuatana na akina mama wa kanisa kwenda kuzika ng’ambo ya mto. Alipita karibu na mlango wa Subilaga makusudi, akakohoa kidogo, akingoja Subilaga amwite ampe moto. Subilaga alimsikia. Akajifanya anambembeleza mtoto.

Alipokwenda jikoni, meko yalikuwa baridi. Jioni iliyopita alikuwa amelala kama kawaida yake, bila kufukia. Na kabla hajafikiri afanye nini, mvua ya mawe ikaanza.

Mnaijua mvua ya mawe ya huku. Ilipiga migomba ikapasua majani, uwanja ukawa mweupe, na baridi ikaingia ndani kupitia kila mwanya wa mianzi. Bibi hayupo, na nyumba yake ameifunga. Nyumba nyingine ziko ng’ambo ya mto, na mto ulisikika ukinguruma. Kumtoa nje mtoto mchanga kama yule ilikuwa ni kumuua. Subilaga alimfunika kwa kila kilichokuwamo, kitambaa juu ya kitambaa, lakini alipogusa vidole vyake vilikuwa baridi. Akampa titi. Mtoto alilishika kidogo, akaliachia. Hata kulia hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Subilaga kuliko yote.

Akapiga magoti na mtoto kifuani. Hapakuwa na wa kumwombea. Akatafuta maneno, hakuyapata, ila yale ya Bibi, ambayo alikuwa ameyasikia asubuhi nyingi hata akayajua kwa moyo. Akaanza kuyasema yalivyo, kwa sauti ile ile ya Bibi ya kutetemeka.

“Ee Bwana, nakushukuru kwa kunifikisha uzee huu. Macho yangu yamefifia, lakini wewe huzeeki. Unitazame mimi mjane wako, niliyeachwa peke yangu tangu ulipomchukua mume wangu…”

Akashtuka. Mume wake yuko msituni, tena chini ya mvua hii!

“La, la, Bwana! Usimchukue! Si mimi niliyesema hivyo, ni Bibi! Yaani ni mimi nimesema, lakini maneno ni ya Bibi. Mume wangu yu hai, umwache hivyo hivyo alivyo!”

Na hapo, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka, akacheka. Alijiona alivyo, binti mwenye meno yote akimwambia Mungu macho yake yamefifia. Akajifuta uso. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyemaliza kubisha hodi na sasa anaingia:

“Mungu, ni mimi Subilaga. Sijui kusema. Nina baridi na ninaogopa. Mtoto huyu ulinipa wewe, nami simtaki mwingine. Nilimnunia Bibi bila sababu. Nimezima moto wako kila siku kwa uvivu, nikidhani upo wa jirani. Nisaidie. Sina mtu mwingine hapa ila wewe.”

Hakukuwa na ngurumo wala sauti. Ila moyo wake, uliokuwa ukienda mbio, ulitulia, akahisi kwamba amesikiwa, na kwamba hayuko peke yake katika nyumba ile. Alikaa katika utulivu huo kidogo. Na mtu aliyetulia huona mambo. Kwanza akazifungua nguo zote za mtoto, akamweka ngozi kwa ngozi kifuani pake, kisha akajifunika naye. Halafu akayatazama majivu ya meko yake mwenyewe. Likamjia jambo la ajabu, kwamba tangu aolewe hajawahi hata siku moja kuyafukua. Alikuwa akiona meko yamenyamaza, anachukua kigae anaondoka.

Akachukua kijiti akafukua. Majivu matupu. Akaenda chini zaidi, pembeni, kwenye tumbo la figa. Pale, gogo la jana lilikuwa limekatika likaangukiwa na majivu yake lenyewe, na ndani yake palikuwa na jicho jekundu, dogo kama punje ya harage.

Subilaga hakupumua, akiogopa kulizima. Kisha akakumbuka kwamba kupumua ndiko kunakotakiwa. Akasogeza majani makavu ya mgomba na kupuliza polepole. Moshi ukamwingia machoni. Akapuliza tena, akiita jina la Mungu kati ya pumzi na pumzi, mpaka jani moja likajikunja na kushika.

Mvua ilikatika alasiri. Mto ulipopungua, Bibi Tupokigwe alivuka akirudi, amekumbatia kigae chenye makaa aliyopewa msibani, amekiinamia kisipate matone, akienda mbio kuliko umri wake. Njia nzima alikuwa akijilaumu kwa kutopiga hodi. Alipofika kwenye migomba akauona moshi ukitoka kwenye paa la Subilaga. Akasimama. Alipoingia, alimkuta Ambilikile ana joto, ananyonya kwa kelele.

“Moto umeutoa wapi, mwanangu?”

“Majivuni mwangu, Bibi.”

Akamsimulia yote. Alipofika pale pa mjane, Bibi aliweka kigae chini akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu. “Mungu naye amecheka leo,” akasema. “Na Asegelile je?” Asegelile alirudi jioni, amelowa, analalamika njaa, hana hata mkwaruzo.

Usiku ule Subilaga alichagua kaa nene, akalifukia, na alipokuwa akisawazisha majivu akazungumza na Mungu kidogo, maneno ya siku ile tu. Kesho yake akafanya hivyo tena, na siku zilizofuata. Siku nyingine maneno yalikuwa mengi, siku nyingine alisinzia katikati. Lakini kaa halikukosa kufukiwa.

Siku kadhaa zikapita, kisha asubuhi moja Bibi akamwona akija kati ya migomba, mtoto mgongoni, mikono mitupu.

“Leo huna kigae,” Bibi akasema. “Umekuja kuomba nini?”

“Sikuja kuomba, Bibi. Nimekuja kukusalimu.”

Miaka yote ile ya ujirani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Bibi Tupokigwe akamvuta ndani, akamkalisha, wakazungumza mpaka jua likapanda. Tangu siku ile walipendana kama mtu na mamaye, maana hapakuwa tena na kigae katikati yao. Na Subilaga alipokuwa akiondoka, Bibi akamwambia, “Na Mungu naye, mwanangu, mwendee hivyo hivyo. Wengi humwendea na kigae tu.”

Akina mama kisimani walipomuuliza Bibi kwa nini siku hizi Subilaga haonekani na kigae, aliwajibu kwa maneno machache, nao wakayachukua majumbani mwao, mpaka yakawafikia ninyi. Basi kwa mama mchungaji rudini, atawaombea, wala hajawakataa. Ila nendeni kwanza mkamsalimu, na kabla ya hapo mkamsalimu Mungu, kila mmoja kwa maneno yake, hata kama ni machache, hata kama mashindano hamtashinda. Mfukia kaa haombi moto.