Chiriku na Ghala la Wasemaji

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za kichovu, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakishtakiana badala ya kuraruana, alikuwepo Chiriku. Kazi yake ilikuwa kuwasemea wenzake barazani kwa Simba. Maneno anayo! Chiriri-chiriri, tangu jua linachomoza.

Sheria ilikuwa kali. Msemaji akikosea, mteja akapata hasara, hasara ni ya msemaji. Wasemaji wakaona, lo, tutakufa njaa! Wakajenga ghala la pamoja. Kila mavuno, kila mmoja anatia mtama wake. Anayeteleza, ghala linamlipia. Mlinzi wake alikuwa Kenge, mtu wa taratibu.

Siku Chiriku anajiunga, Kenge akamwambia, "Ndugu yangu, ghala lina yanayolipwa na yasiyolipwa. Sikiliza yasiyolipwa. Kwanza..."

"Nimeelewa, mzee, nimeelewa! Mtama niutie wapi?"

Nani wa kumnyamazisha Chiriku? Kenge akafunga mdomo wake.

Siku zikaenda. Akaja Mama Kanga, roho juu. Ngiri alikuwa akidai kichaka anachotagia mama huyu.

"Mwanangu Chiriku, nisemee. Mayai yangu sina pengine pa kuyaweka."

"Lala usingizi, mama. Kesi nyepesi hii. Wewe baki na mayai yako, barazani nitakwenda mwenyewe."

Siku ya kesi ikafika. Chiriku yuko wapi? Yuko harusini kwa shangazi yake, anaimba, chiriri-chiriri! Simba akaita, akaita tena. Kimya. Kichaka akapewa Ngiri, aingie mwezi ukiandama.

Jioni habari ikamfikia Chiriku. Akaruka kwenda kwa Kanga, akarudi. Atanionaje? Bora kesho. Kesho yake wakakutana njiani.

"Vipi kesi yetu, mwanangu?"

"Imeahirishwa, mama."

Ee! Chiriku aliona aibu, akaimeza, akaenda zake.

Mwezi ukaandama. Ngiri akaja, akachimba, kuru-kuru-kuru! Mayai yakapasuka yote. Kanga akalia mpaka sauti ikamkauka.

Chiriku mbio hadi ghalani. "Mzee Kenge, nimeteleza! Mlipe Mama Kanga!"

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Ukamwambia?"

Chiriku akageuka kutazama mlango.

"Kusahau tunabeba," Kenge akasema. "Kuchelewa tunabeba. Kosa ulilolijua ukalificha, hatubebi. Ungesema siku ile, tungekwenda sote kwa Simba, kesi isikilizwe upya. Mayai yangekuwepo."

"Lakini hukuniambia!"

"Nilianza kukuambia."

Chiriku akatoa mtama wake wote, kiota kikabaki mabua matupu. Akaupeleka kwa Kanga, kichwa chini. Kanga akaupokea, maana njaa haijui hasira. Kisha akamtazama.

"Siku ile njiani, mwanangu, nilikuuliza. Ulikuwa unaniogopa mimi?"

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Ukiahidiwa msaada, sikiliza mpaka mwisho, hasa pale panaposemwa hapana. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kosa ulilolificha utalibeba peke yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua chini, mwenye mabega aibebe.